Kukadiria: K Iliyosahaulika

Pembezoni mwa miji yetu, ardhi isiyopimwa bado huuzwa kwa hatua. Muuzaji hutembea, dalali huhesabu, mashahidi hutia saini, na kwenye karatasi huandikwa "ishirini kwa ishirini". Mnunuzi hurudi nyumbani akiamini kwamba amepata mita za mraba 400. Ikiwa hatua ya yule muuzaji ilikuwa ya sentimita 75, basi alichouziwa ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225. Mita za mraba 175 zimetoweka, naye alikuwa amesimama papo hapo akitazama.

Mtu huyu mara nyingi amesoma. Ukimuuliza mita moja ina sentimita ngapi, atakujibu bila kusita. Asichokuwa nacho ni mita yenyewe ndani ya jicho lake, na upungufu huo, kwa maoni yangu, ulianzia darasa la pili.

Mtaala wa mwaka 2015 uliwajengea watoto wa darasa la kwanza na la pili msingi wa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Sina ugomvi na K hizo tatu. Lakini katika madarasa mengi ambamo nimeketi dawati la nyuma kuwatazama wanafunzi wangu wa ualimu wakifundisha, somo la urefu hugeuka upesi kuwa hesabu za kubadili vipimo. Hata pale mtoto anapotakiwa akadirie kabla ya kupima, yeye hupima kwanza, kisha huandika kadirio linalolingana na jibu. Nani wa kumlaumu? Kadirio lisilolingana hutiwa mkasi, na mtoto mwerevu hutambua mapema kwamba kukisia kuna hatari.

Wazee wetu walibeba vipimo mwilini: shibiri, dhiraa, pima. Udhaifu wake ulikuwa ule ule wa hatua ya dalali, kwani mikono ya watu hailingani. Sisemi turudi huko. Nasema mita nayo ipewe makao mwilini. Mtoto wa miaka saba ajue ni kidole chake kipi chenye upana wa karibu sentimita moja, mita moja kutoka sakafuni humfikia wapi, na mita 10 huzivuka kwa hatua ngapi. Kisha akadirie urefu wa ubao, aupime, aone amekosea kwa kiasi gani, ndipo ahamie mlangoni. Kosa la kwanza litakuwa kubwa, la tano litakuwa dogo, na kupungua huko ndiko kunakostahili alama.

Huwa naambiwa kwamba darasa lina watoto mia na rula tatu. Naam, lakini lina macho mia mbili! Kamba moja ya mita 10, yenye fundo kila mita, inawatosha wote, na uwanja upo.

Walimu wetu, tukubali, hufundisha kinachotahiniwa. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne ukiwa na swali moja tu linalomtaka mtoto achore bila rula mstari wa sentimita 8, na kila atakayeangukia kati ya 7 na 9 akapewa alama zote, kamba hizo zitakuwa zimekwisha kununuliwa kabla ya muhula kufungwa.