Samaki wa bwawani asile kitoweo cha mtoto

Ndugu zangu wa Pwani, hapa Nairobi, soko la samaki la Gikomba, omena wanagombewa. Mama wa Kayole anataka gorogoro moja ya kitoweo. Mwenye kiwanda cha chakula cha kuku na samaki anataka magunia. Mwenye pesa hushinda.

Lakini ngege, na hata mwatiko wetu, kwa asili hula mimea ya majini. Mashudu ya soya na mafuta ya alizeti yanaweza kuchukua nafasi kubwa ya omena kwenye chakula chao. Kweli, minofu yao itapungukiwa na mafuta ya omega-3. Si neno, mtoto wa Kayole atayapata kwenye omena wenyewe. Serikali iliyofadhili mabwawa mwaka 2009 sasa imshike mkono mkulima wa alizeti.