Saratani ya ini: Msilaumu damu ya ukoo, fungueni gunia la mahindi

Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho na Litein hadi Silibwet na Bomet, mtu akifa kwa saratani ya ini, kisha nduguye akafuata kwa ugonjwa uo huo, minong'ono haikawii. Husemwa kwamba maradhi yamo katika damu ya ukoo, au oret kama Wakipsigis wanavyouita. Wako wazazi wanaosita kumwoza binti yao katika boma kama hilo. Vijana waliosoma hawasemi damu, wao husema jeni. Neno ni geni lakini fikira ni ile ile ya wazee: kwamba aliyezaliwa na balaa hana la kufanya.

Mimi naona fikira hiyo inatuponza, maana inamfanya mtu mwenye nafasi ya kujikinga akae akisubiri zamu yake.

Ni kweli kwamba saratani ni ugonjwa wa jeni. Mwili umejengwa kwa seli, nazo seli hupokea amri kutoka kwa jeni zilizomo ndani yake. Ziko jeni zinazoiamuru seli igawanyike, na ziko zinazoizuia, mithili ya mafuta na breki za gari. Zile za kuchochea zikiharibika na kukwama katika hali ya kuwaka, wataalamu huziita onkojeni. Katika saratani ya ini, kwa mfano, jeni iitwayo TERT, ambayo katika ini la mtu mzima huwa imelala, mara nyingi hukutwa imeamshwa. Upande wa breki kuna jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyodhurika mpaka itengenezwe, au kuiua ikiwa haitengenezeki. Breki hiyo ikikatika, uvimbe hupata njia.

Lakini swali ambalo watu wetu hawaulizi ni hili: nani aliyeikata? Kwa wagonjwa walio wengi wa saratani ya ini, jeni hizo hazikurithiwa zikiwa mbovu. Mtu huzaliwa nazo zikiwa nzima, zikaharibiwa baadaye, tena ndani ya ini lake tu, na uharibifu huo haumwendei mtoto wake.

Mwaka wa 1991 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya makundi mawili ya watafiti. Kundi moja lilipima uvimbe wa wagonjwa wa Qidong, nchini Uchina, na jingine wa wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Watu hao hawakuwa na ukoo mmoja wala bara moja, lakini jeni ya p53 ilikutwa imevunjwa mahali pale pale, nafasi ya 249, herufi moja ya maandishi ya jeni ikiwa imebadilishwa. Kule Qidong ilikuwa hivyo kwa wagonjwa 8 kati ya 16. Mwizi anayeingia nyumba zote kwa dirisha lile lile hujulikana, na huyu anajulikana: ni aflatoksini, yaani sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu wa mahindi na njugu.

Wakenya wengi wanaifahamu sumu hii kwa jinsi inavyoua ghafla. Mwaka wa 2004, huko Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Ile inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka haitangazwi redioni. Tena ushahidi wake wa mapema ulipatikana hapa hapa nchini. Mwaka wa 1973 watafiti Peers na Linsell walichapisha uchunguzi wao wa Murang'a, ambako walipima chakula cha jioni cha wananchi na pombe yao ya kienyeji. Waligundua kwamba sehemu za chini zenye joto ndizo zilizokuwa na sumu zaidi, na ndizo zilizokuwa na saratani ya ini zaidi.

Mshirika wa sumu hiyo ni kirusi cha homa ya ini ya aina ya B. Kirusi hiki hujipenyeza ndani ya maandishi ya jeni za ini, mara nyingine karibu kabisa na ile TERT, na kuiamsha. Uchunguzi wa Shanghai uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara tatu hivi, na kirusi peke yake mara saba. Vyote viwili vikikutana katika mwili mmoja, hatari ilikuwa karibu mara 60.

Sasa tazama ile familia inayonong'onwa. Ndugu hao walilelewa na chungu kimoja cha kimyet, kwa mahindi ya ghala moja. Na ikiwa mama yao alikuwa na kirusi, huenda kila mmoja alikipata siku ya kuzaliwa. Wamerithi ghala na kirusi. Ndoa haina kosa hapo.

Msomaji wa Kericho atasema kwamba huku kwetu ni juu na ni baridi, hivyo tuko salama. Angekuwa na haki kama angekula mahindi ya shamba lake. Siku hizi chai imelifunika shamba, na mahindi hununuliwa sokoni, yakiwa yametoka mbali kwa lori. Ugonjwa ulioangamiza mahindi nchini ulionekana kwanza Bomet, sehemu za Longisa, mwaka wa 2011, na waliopoteza mavuno ilibidi wanunue. Hata yanayovunwa hapa huanikwa chini ya mvua ya kila alasiri, ile ile inayoinenepesha chai. Yakishaota ukungu huchaguliwa, na yale mabaya hupelekwa kwa wapika busaa au hupewa ng'ombe. Ng'ombe naye huitoa sumu hiyo katika maziwa, ambayo ndiyo mursik ya watoto wetu. Kupika ugali hakuiondoi, wala kuchemsha maziwa.

Linalonikera ni hili. Kiwanda cha chai hupima unyevu kwa uangalifu mkubwa, majani yakakaushwa hadi karibu asilimia 3, kwa kuwa mnunuzi wa mnada wa Mombasa angeyakataa. Mahindi anayouziwa mchumaji wa majani hayo hayo hayapimwi na mtu. Sheria ya Kenya inataka aflatoksini isizidi sehemu 10 katika bilioni moja, na mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ni kazi ya serikali za kaunti za Kericho na Bomet kuweka vipimo na mashine za kukaushia katika masoko, na ya kampuni na vyama vya chai kuhakikisha unga unaouzwa katika kambi za wafanyakazi umepimwa.

Nyumbani, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, utikise, kisha usubiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka.

Kuhusu kirusi, watoto wa Kenya huchanjwa dhidi yake tangu 2001 hivi, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Taiwan, iliyoanza mpango wake wa kuchanja watoto mwaka wa 1984, iliona saratani ya ini kwa watoto ikipungua karibu nusu. Aliyezaliwa kabla ya chanjo hiyo kufika kwetu aende apimwe damu. Akikutwa hana kirusi aombe chanjo, na akikutwa nacho zipo dawa za kukituliza na kupunguza hatari ya saratani. Wa kwanza kwenda wawe ndugu wa yule aliyezikwa, pamoja na mama yao kama yungali hai.