Hukumu ya Mahakama Kuu haihalalishi dhulma ya ujira



Ndugu Waislamu, sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki. Aliyeachishwa ana siku 30 za kulifikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume ana wiki sita za kuiomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iutengue.

Mlango huo hatuupingi. Tunampinga mwajiri ajuaye moyoni kwamba anadaiwa, akaenda Mahakama Kuu ili tu mtu asiye na mshahara achoke, akubali robo ya haki yake. Na wengine tunawaona safu ya mbele msikitini!

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kwamba yeye huhukumu kwa kadiri anavyosikia, anayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake, basi amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu yake Mtume haihalalishi, itakuwaje ya jaji anayesoma viapo na mwenendo wa shauri?

Hayo yanamhusu mfanyakazi pia. Aliyeiba ghalani, kisha akashinda kwa kuwa hakupewa nafasi ya kujitetea, mali ile ingali deni shingoni mwake.