Mfumo Ukigoma, Tuseme Panaposikika

Ndugu wanajumuiya wa vyuo vyetu vya Tanzania, wanafunzi, wahadhiri, makarani, wakutubi, hata ninyi walinzi mnaoandikisha wageni getini kwa kishikwambi: mtandao ukigoma, au mfumo wa usajili ukikataa kufunguka, toeni taarifa kwa kitengo cha TEHAMA, kwa maandishi, siku hiyo hiyo. Kisha daini majibu. Ndiyo haja yangu yote.

Mtaniambia mbona tunasema kila siku. Ni kweli, tunasema sana. Tunasema kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa, kwenye foleni ya kantini, ndani ya daladala tukirudi mjini. Wiki ya usajili grupu huanza kujaa kabla hata ya chai: "mfumo umegoma", "kwangu haufunguki", "jaribuni usiku wa manane", "nani ana bando?" Mtu wa TEHAMA hayumo kwenye grupu hilo. Daftari lake la siku hiyo lina taarifa mbili tatu, na mojawapo ni ya printa ya mkuu wa idara iliyoishiwa wino. Jioni anafunga ofisi akiamini siku imepita salama, na hakuna wa kumwambia vinginevyo.

Sisi ni hodari wa kulizunguka tatizo. Wi-Fi ya bwenini ikizima, tunawasha hotspoti. Mwenye uwezo ananunua bando, asiye nao anasogeza kiti karibu na mwenzake. Mhadhiri akishindwa kupakia noti kwenye Moodle, anamrushia mwakilishi wa darasa kwenye simu, naye anasambaza. Kila mmoja kajiokoa, na kile kifaa cha Wi-Fi juu ya dari ya korido kinabaki na taa yake nyekundu mpaka muhula mwingine. Gharama nayo haijatoweka, ila imehama kutoka bajeti ya chuo ikaingia kwenye posho ya kula ya mwanafunzi. Sioni kwa nini jambo hilo tulivumilie kimya kimya.

Tazameni maabara za kompyuta. Haichukui muda kukuta skrini iliyobandikwa karatasi ya A4 yenye neno moja kwa kalamu ya wino mzito, MBOVU, na selotepu iliyokwisha kugeuka njano. Niliwahi kukaa mbele ya mashine ya namna hiyo na kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Akaibonyeza, ikawaka vizuri tu. Akafungua tovuti ya chuo, likaja onyo kwamba muunganisho si salama. Akajaribu tovuti nyingine, onyo lile lile. Hakugusa waya wowote. Alitazama kona ya chini ya skrini, akacheka: kompyuta ilikuwa inaishi Januari 2012.

Ilikuwa betri. Ndani ya kompyuta, kwenye bodi mama, kuna betri bapa ya ukubwa wa sarafu inayoitwa CR2032, na kazi yake ni kuitunzia mashine saa na tarehe umeme unapokatika. Ikifa, kila umeme ukirudi kompyuta inaamka miaka ya nyuma. Tovuti nazo zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa mashine iliyoganda 2012, cheti cha leo ni kitu ambacho hakijatolewa bado, kwa hiyo kivinjari kinakataa kuendelea. Aliyeandika MBOVU aliona kwamba "intaneti haipo", na kwa upande wake hakukosea sana. Betri yenyewe inauzwa Kariakoo kwa bei isiyofika sahani ya wali kuku. Kijana akaibadilisha, akaweka tarehe, akabandua karatasi.

Lile neno kwenye karatasi halikumsaidia fundi kwa lolote. Halikusema tangu lini, nani aliona, skrini iliandika nini. Sasa fikirieni kama mtu angetuma hivi: "Maabara ya pili, mashine ya kwanza dirishani, tangu Jumanne asubuhi kila tovuti inatoa onyo la usalama, lakini programu za ndani zinafanya kazi, na mashine ya jirani haina shida." Fundi mzoefu akisoma sentensi hiyo anatia betri mfukoni kabla hajatoka ofisini. Hayo ya jirani msiyadharau. Kama jirani naye kakwama, pengine tatizo ni kifaa cha Wi-Fi, swichi au waya wa jengo. Kama jirani anapeta, tatizo liko kwako, na fundi kaokoa nusu siku. Ukiambatisha picha ya skrini ni bora zaidi, ila ziba namba ya usajili na matokeo ya watu, na usiirushe kwenye grupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikutungwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu pekee.

Kitengo cha TEHAMA nacho kina deni kwetu, na ni haki lisemwe hadharani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo hakuna fundi wa chuo anayeweza kupiga mbizi akaunge waya. Anachoweza ni kusema: tatizo haliko chuoni, limetokea baharini, kazi zilizotakiwa kuwasilishwa leo usiku zisogezwe. Ujumbe wa mistari miwili ungezuia wanafunzi kununua bando juu ya bando wakidhani Wi-Fi ya chuo ndiyo mbovu.

Matangazo mengi tunayopata ya ukarabati wa mifumo yameandikwa kwa Kiingereza cha mkataba, yakawekwa kwenye tovuti ambayo ukarabati wenyewe umeizima. (Hili lingekuwa kichekesho kizuri kama lisingetokea wiki ya mwisho ya kuingiza alama.) Tunaomba yaandikwe Kiswahili pia, yaje kwa ujumbe mfupi wa simu na kwenye mbao za mabwenini, yaseme kinachozimwa, saa ya kuzimwa, saa ya kurudi, na pa kukimbilia kwa wakati huo. Na kazi ikiisha tuambiwe imeisha. Anayetoa taarifa mara tatu bila kujibiwa hatatoa ya nne, na huyo siwezi kumlaumu.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kusubiri tuzoeane. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zinaendelea kuwaka, zinaandika, zinachapisha, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vinakuja bure kila mwezi. Kuhamia Windows 11 siyo suala la kubonyeza tu, kwani inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta mpakato nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika Ulaya au Dubai ni za kabla ya hapo, na za maabara ziko hivyo hivyo.

Mwaka 2017 unatosha kutufundisha. Kiraka cha udhaifu fulani wa Windows kilitolewa tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye udhaifu huo huo, kikafunga mafaili na kudai fidia katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Karibu miezi miwili kiraka kilikuwepo na watu hawakukiweka. Sisi wa Windows 10 tuko pabaya zaidi, kwa sababu mashine isiyosajiliwa kwenye mpango wa Microsoft wa viraka vya nyongeza haitapata kiraka hata ikitaka.

Njia zipo. Mpango huo kwa watu binafsi ulitangazwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa taasisi za elimu Microsoft ilitangaza bei ya dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu, kiasi ambacho hakiwezi kuitwa mzigo kwa chuo kinachonunua maji ya chupa kwa kila kikao. Mashine kongwe kabisa zinaweza kuwekewa Linux, na mwanafunzi anayeandika tasnifu na kusoma majarida hatapungukiwa na kitu kikubwa.

Wanaosema wanafunzi huzima masasisho kwa uzembe hawajawahi kununua bando la wiki. Sasisho moja kubwa la Windows linakula gigabaiti kadhaa, na mtu mwenye akili timamu analizima ale data yake kwa masomo. Kwa hiyo naiomba kila serikali ya wanafunzi itenge Jumamosi moja kila mwezi, maabara ifunguliwe, mtandao wa waya uachwe wazi, watu waje na mashine zao kusasisha. Windows ina uwezo wa kuzifanya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja zigawane mafaili ya sasisho, hivyo hata njia ya chuo ya kwenda nje haitaelemewa kama wakubwa wanavyohofia. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kompyuta wapo, na wanahitaji mazoezi kuliko wanavyohitaji semina.

Siku hiyo waalikwe pia vijana wa steshenari za getini. Tuseme ukweli, hao ndio dawati la msaada la pili la chuo. Wanajaza maombi ya mkopo, wanachukua namba za malipo ya ada, wanachapisha tasnifu, na baadhi yao wana daftari lenye majina ya wanafunzi na nywila zao, maana wenye akaunti husahau. Kompyuta hizo hizo ndizo zinazochomekwa flashi za chuo kizima, ukirudi bwenini unakuta mafolda yamejificha na mahali pake kuna njiamkato tupu. Kuwagombeza hakutasaidia. Wafundishwe kusafisha flashi, na mteja aandike nywila yake mwenyewe kisha atoke kwenye akaunti kabla hajasimama.

Nywila yako, hata hivyo, ni yako. Fundi wa kweli wa TEHAMA haihitaji ili akusaidie, kwa hiyo anayekupigia akiitaka ni tapeli, hata kama anajua jina lako na mwaka wako wa masomo. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamejua kalenda za vyuo, na fedha za mkopo zinapoingia hawachelewi. Namba zao zipelekwe TCRA kupitia 15040, na kitengo cha TEHAMA kipewe nakala ili kiwatahadharishe wengine.

Haya yote yanarudi kwenye bajeti. Mkurugenzi wa TEHAMA akiingia kwenye kikao cha makisio na maneno "mtandao unasumbua", atashindwa na anayeomba gari. Akiingia na orodha kwamba bweni fulani limeripotiwa mara nyingi kuliko mabweni mengine yote, kwamba maabara ya pili ina mashine kadhaa zisizoweza kupokea viraka, kwamba taarifa kongwe zaidi ina miezi minne na inasubiri swichi moja, kikao kitapata taabu kumnyima. Orodha hiyo hawezi kuitunga yeye. Inatoka kwetu.

Basi kila darasa limchague mtu mmoja wa taarifa, awe tofauti na mwakilishi aliyekwisha kulemewa, akusanye yanayosemwa kwenye grupu na kuyapeleka kwenye dawati la msaada kila siku kabla ya saa kumi jioni. Kitengo nacho kibandike kila Ijumaa: zimeingia ngapi, zimefungwa ngapi, zipi zimekwama na kwa nini. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na makisio huandikwa miezi kadhaa kabla yake. Madarasa yanayotaka yao yahesabiwe yachague mtu wao ndani ya wiki hii na kupeleka jina lake kwa serikali ya wanafunzi.