Petroli au Umeme? Maoni Yangu Baada ya Mjadala

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa sana muhula uliopita, na kusema kweli tembo langu lilikuwa na maji tangu mwanzo. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Mtakumbuka mjadala wa chama chetu uliofanyika kwenye ukumbi wa maakuli. Hoja ilikuwa hii: "Magari na pikipiki za umeme ni bora kuliko za petroli." Sisi tulikuwa upande wa kupinga. Hatukuuchagua, tuliokota karatasi na karatasi ikatuamulia. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema: "Mwenyekiti, waamuzi wenye hekima, petroli inapatikana hata kwenye kibanda cha kijijini, ndani ya chupa ya soda. Je, umeme wa wapinzani wangu unauzwa wapi?" Lo! Mlipiga makofi mpaka wapishi wakachungulia. Tukashinda, nikapewa kalamu mbili na daftari.

Likizo ikafika. Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda pale Mutomo, na karo yangu hutoka kwenye kiti cha pikipiki hiyo. Nilipomsimulia ushindi wangu hakucheka. Aliniambia, "Mdogo wangu, nimeweka akiba ya kutanguliza malipo ya pikipiki mpya. Wenzangu wengine wanasema ninunue ya umeme, wengine wanasema nitajuta. Wewe ndiwe msomi wetu. Ninunue ipi?" Nilinyamaza. Makofi ya ukumbini hayakunisaidia hata kidogo, kwa maana sasa nikikosea, anayeumia si mwenyekiti wala waamuzi. Ni kaka yangu, na huenda pia ni mimi niliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ugomvi huu si mgeni. Kule Marekani, yapata mwaka 1900, magari ya umeme, ya mvuke na ya petroli yalikuwa yakishindana barabarani. Gari la petroli liliwashwa kwa kuzungushwa mkono, na wengi waliumia. Kisha mwaka 1908 Henry Ford akaleta gari lake la bei nafuu, na mwaka 1912 magari ya Cadillac yakaanza kuwashwa kwa mota ya umeme. Petroli ikashinda. Angalieni basi: petroli yenyewe iliokolewa na umeme!

Pili, tuje kwenye mfuko. Mwezi wa Oktoba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 217. Tangu hapo bei imekuwa ikipanda na kushuka kama bembea. Kaka yangu akibeba mizigo hutumia yapata lita mbili kwa kilomita themanini hivi. Kwa bei ile, hizo ni zaidi ya shilingi 430. Sasa pikipiki ya umeme ya aina inayouzwa hapa Kenya huenda karibu mwendo huo kwa betri inayobeba uniti tatu hivi. Mwaka huohuo wa 2023 serikali iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake saa ambazo watu wengi wamelala. Uniti tatu ni shilingi 48. Hata mwenye kituo cha kuchaji akiiongeza bei hiyo mara tatu kwa ajili ya kodi na faida yake, haifiki 150. Hebu jirani yangu wa dawati anayependa Hesabu apige mwenyewe aone.

Tatu, ile chupa ya soda niliyoisifu. Waama, nilisahau kuwaambia yaliyompata kaka mwaka jana. Alinunua chupa moja ya petroli jioni, na kabla ya kufika Ikutha pikipiki ikaanza kukohoa kama mzee mwenye pumu. Makanika alipofungua akasema petroli ilichanganywa na mafuta ya taa. Siku tatu hakufanya kazi. Udanganyifu huu ulienea nchini hata mwaka 2018 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuuzuia. Kwenye mjadala niliyajua haya nikayameza. Ni kosa langu.

Nne, na hili liko jirani kabisa. Wenzetu wanaotoka Kibwezi wanajua habari za Thange. Mwaka 2015 bomba linalosafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilivuja pale. Mafuta yakaingia mtoni, visimani na mashambani. Nyinyi nyote mnajua maji ni nini katika Ukambani. Tumeamka alfajiri na madumu tangu utotoni. Kuharibu kisima cha Mkamba ni kumharibia maisha. Wakazi wakaenda mahakamani, na hukumu ya kuwalipa mabilioni ya shilingi ikatolewa mwaka 2025. Miaka kumi! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati mafuta yalipomwagika alikuwa tayari kidato cha tatu hukumu iliposomwa. Kwa hiyo tukisema petroli ni rahisi, tuulize ni rahisi kwa nani.

Hata hivyo, sitaki mnidhanie kinyonga. Hoja zangu za ukumbini hazikuwa uongo mtupu. Umeme una mashaka yake. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Mwaka 2000, kwa sababu ya ukame, Wakenya waligawiwa umeme kwa zamu kwa kuwa mabwawa yalikauka. Bwawa la Kiambere liko mpakani mwa Kitui na Embu, lakini ziko nyumba nyingi Kitui zinazosoma kwa taa ya sola au koroboi hadi leo. Nyaya hupita juu ya vichwa vyetu zikienda mjini. Aidha, usiku mmoja kaka alimpeleka hospitalini mama mjamzito kutoka kijiji kilicho mbali na lami. Angekuwa na betri iliyokwisha, angeichaji wapi saa nane za usiku? Swali hilo bado halijanitoka.

Kuna na hili la makaa ya mawe katika Bonde la Mui, mashariki mwa Kitui. Kwa miaka mingi watu wa huko wamekaa roho juu, hawajui kama watahamishwa ili makaa yachimbwe. Ikiwa umeme wa pikipiki utatoka kwenye makaa hayo, tutakuwa tumeuondoa moshi kwenye ekzosi ya kaka na kumpelekea bibi kizee wa Mui. Bahati nzuri, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana. Na sisi hapa tuna jua, tena jua la kulalamikiwa! Jua linalotukaushia mahindi lingeweza angalau kutulipa fidia.

Kwa maoni yangu, basi, umeme ni bora, na kama mjadala ungerudiwa leo ningeomba kuhamia upande ule mwingine. Lakini ubora huo haujafika Mutomo. Viongozi wa kaunti zetu mbili waweke vituo vya kuchaji kwa nguvu za jua Kitui, Mutomo, Kibwezi na Wote kabla ya kuwahimiza vijana wauze pikipiki zao. Vyuo vya ufundi vifundishe makanika wetu mota na betri, la sivyo watakosa kazi. Na vijana wasome mkataba vizuri, kwa sababu mara nyingi betri hubaki mali ya kampuni. Ukinunua pikipiki bila betri, umenunua ng'ombe na kuacha maziwa kwa jirani.

Mtauliza nilimjibu nini kaka. Nilimwambia, "Kaka, akiba yako usiiguse bado. Ile ya petroli iendelee kukulisha. Lakini wewe na wenzako wa chama cha bodaboda andikeni barua kaunti, mdai kituo. Kikifika, uwe wa kwanza." Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Sawa. Barua utaiandika wewe."

Nimeiandika. Imetiwa sahihi na waendeshaji kumi na mmoja, na wawili wameweka kidole gumba. Kwangu barua hiyo ina thamani kuliko zile kalamu mbili na daftari.

Mwanachama, Kidato cha Tatu