Wagonjwa wa baridi yabisi wasisahauliwe tena



Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze tarehe 5 Mei, 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha, wengi wetu tumefunga mjadala. Mimi naona lipo funzo moja ambalo hatujalichukua, nalo linawahusu wenzetu wenye baridi yabisi, lupasi na maradhi mengine ya jamii hiyo. Katika maradhi haya kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui wa nje, inaugeukia mwili wenyewe na kuumiza viungo, ngozi, hata figo.

Sisi tuliokua vijijini miaka ya 1990 tunaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na wengine iliwawasha mwili mzima usiku kucha. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea. Lakini ndugu yake, haidroksiklorokwini, haikustaafu. Ndiyo tegemeo la kila siku la wagonjwa wengi wa lupasi, na baadhi ya wenye baridi yabisi. Akiikosa kwa majuma kadhaa, mgonjwa wa lupasi anaweza kurudi kitandani.

Sasa tazama yaliyotokea Machi 2020. Rais Donald Trump wa Marekani aliisifu dawa hiyo mbele ya waandishi wa habari kuwa tumaini dhidi ya korona. Tarehe 28 mwezi huo mamlaka ya dawa ya nchi yake ikaruhusu itumike kwa dharura hospitalini. India, mtengenezaji wake mkubwa, ilikuwa imekwisha kuzuia isiuzwe nje tangu tarehe 25. Je, kelele zote hizo zilisimama juu ya ushahidi gani? Zaidi ulikuwa ni utafiti mmoja wa Marseille, Ufaransa, wenye wagonjwa 36 tu. Jarida lililouchapisha lilikuja kuufuta Desemba 2024.

Wenye fedha walinunua wakaweka akiba, na mwenye lupasi alipokwenda dukani aliambiwa imekwisha. Sisi tunalo jina la mchezo huo: ulanguzi.

Ukweli ulikuja na vipimo. Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kiliwagawa maelfu ya wagonjwa wa korona kwa bahati nasibu. Waliopewa haidroksiklorokwini walikufa 27 katika kila 100 ndani ya siku 28. Wasiopewa walikufa 25. Haikuokoa mtu. Marekani ikafuta ruhusa yake tarehe 15 Juni, 2020. Tena madaktari wa viungo wa mataifa mbalimbali, waliokusanya habari za wagonjwa wao 600 kutoka nchi 40, hawakuona kwamba waliokuwa wakiimeza tangu zamani walipona kulazwa kuliko wenzao.

Hapa ndipo penye kichekesho cha kusikitisha, Ndugu Mhariri. Dawa zilizookoa watu nazo zilitoka katika kabati lile lile. Juni 2020 watafiti hao wa Oxford walionyesha kwamba deksamethasoni, dawa rahisi ya jamii ya steroidi ambayo imewatuliza wagonjwa wa viungo kwa miaka mingi, ilipunguza vifo vya waliokuwa wakipumua kwa mashine kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Mwaka 2021 ikafuata tosilizumabu, sindano ya baridi yabisi, ambayo bei yake ni ghali. Kwa hiyo kundi hili liliipa dunia silaha mbili za kweli, na malipo yake yakawa kunyang'anywa dawa yake yenyewe.

Nitoke huko nije kijijini. Shangazi yangu ana baridi yabisi. Vidole vyake vimepinda hata jembe halishiki. Alikuwa amemeza prednisoloni kwa miaka minne, nyingi akijinunulia dukani bila cheti cha daktari. Mwaka 2021 jirani alimwambia vidonge hivyo vinaua kinga, na korona itamchukua. Akaviacha siku moja. Juma la pili alianguka uani, hana nguvu wala fahamu. Daktari alitueleza kwamba dawa hiyo ikitumika muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo husahau kazi yake. Ukiikata ghafla, mwili unabaki mtupu. Alipona, namshukuru Mungu.

Jirani hakusema uongo mtupu. Wale madaktari wa nchi 40 walikuta kwamba waliokuwa wakimeza miligramu 10 au zaidi za dawa ya namna hiyo kila siku walilazwa zaidi walipopata korona. Lakini dawa yake ni kupunguza polepole chini ya uangalizi wa daktari. Kuacha kwa woga ni hatari nyingine. Nusu ya elimu ilitaka kumzika shangazi yangu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Wizara ya Afya itenge akiba ya dawa za wagonjwa wa kudumu ambayo haitaguswa likija gonjwa jingine, hata kama mkubwa gani ameisifu dawa hiyo. Pili, maduka ya dawa yaache kuuza steroidi kama peremende. Tatu, redio na zahanati ziseme na wagonjwa hawa kwa jina la ugonjwa wao. Chanjo ilipoanza nchini tarehe 28 Julai, 2021 tuliambiwa wenye maradhi sugu watangulie, lakini shangazi yangu hakujua kwamba naye ni mmoja wao. Alidhani baridi yabisi ni uzee tu.

Darasani nawafundisha watoto wasiandike jibu kabla ya kufanya hesabu. Mwaka 2020 wakubwa wa dunia waliandika jibu kwanza, na wagonjwa wasio na sauti wakalilipia. Likija jingine, tufanye hesabu kwanza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.