Nishani za Wazee Wetu: Tudai Daftari Lisahihishwe



Katika tawi letu moja la mashamba ya chai alifika mama mmoja, mchuma majani, akiwa amebeba sanduku dogo la bati. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha utumishi jeshini cha marehemu baba yake, nyota moja ya shaba, na picha ya askari vijana waliovaa kofia zilizokunjwa upande mmoja. Baba huyo aliondoka Uganda akiwa askari wa King's African Rifles, yaani KAR. Alipigana na Waitalia huko Abisinia, kisha akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Safari zote mbili zimeandikwa kitabuni. Lakini mahali pa nishani imeandikwa Nyota ya Afrika peke yake. Nyota ya Burma haipo.

Mama aliuliza kama chama kinaweza kumsaidia kuandika barua. Baadhi ya wenzetu waliokuwapo walicheka. Walisema chama kina kazi ya mishahara na nyumba za wafanyakazi, na kwamba marehemu hali nishani. Sisi hatukubaliani nao, na tunataka kueleza kwa nini.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatutukuzi vita vya wakoloni. Vijana wetu walipelekwa kutetea dola ambayo nyumbani kwao haikuwapa hata kura. Lakini kazi waliifanya. Batalioni ya nne ya KAR, iliyokuwa ya Uganda, ilikwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, pamoja na wenzao wa Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Tanganyika. Katika mvua za mwaka 1944 waliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, na mwezi Desemba wakavuka mto Chindwin hapo Kalewa. Kanuni ya nishani haikuwa ngumu. Askari wa nchi kavu aliyetumika vitani ndani ya Burma, hata siku moja, kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945, alistahili Nyota ya Burma. Ilikuwa haki ya utumishi, kama mshahara ulivyo haki ya aliyefanya kazi. Mtu akilima mwezi mzima halafu karani asimwandike, sisi huita jambo hilo dhuluma. Kwa nini la askari tuliite bahati mbaya?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu hawakushika daftari. Lilishikwa na karani wa kikosi, ambaye mara nyingi aliandika jina kwa kulisikia tu. Mtu yule yule anaweza kuwa na jina moja kwenye orodha ya kuandikishwa, jina la pili kwenye orodha ya mshahara na la tatu siku ya kuachishwa. Kosa dogo la kalamu linatosha kumpoteza mtu mzima.

Na wapo waliopotezwa si kwa kosa bali kwa makusudi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walibeba chakula na risasi za majeshi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini majina yao wenyewe hayakuwekwa makaburini. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Makosa hayo yalichukua miaka mia moja kukiriwa.

Wengine watasema mambo ya zamani hayarekebishiki. Tuwatazame Waamerika weusi. Katika vita vya pili zaidi ya milioni moja kati yao walitumikia jeshi la Marekani, na hakuna hata mmoja aliyepewa Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote za nchi hiyo. Watu hawakunyamaza. Mwaka 1993 jeshi lilikiomba Chuo Kikuu cha Shaw kichunguze sababu, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton alitoa nishani saba. Wapokeaji sita walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja tu, Vernon Baker, alikuwa hai kuipokea kwa mkono wake. Ilikuwa haki, lakini ilichelewa mno.

Huko huko Marekani, mwezi Julai 1973, moto uliteketeza majalada ya askari kati ya milioni 16 na milioni 18 katika ghala la kumbukumbu la St. Louis. Madai hayakuzikwa na majivu. Kumbukumbu zilijengwa upya kwa hati za mishahara, orodha za vikosi na karatasi za hospitali. Hapo pana somo kwetu: jalada moja likipotea, kazi ya mtu huwa imeacha alama mahali pengine.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Uganda tunalijua vizuri. Ofisi ikidai ushahidi, tusione tumetukanwa. Idi Amin alidai kwamba alipigana Burma, ilhali kumbukumbu zinaonyesha aliingia jeshini mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Baadaye alijivika nishani alizojitungia mwenyewe. Mwongo kama huyo ndiye anayemfanya msema kweli atiliwe shaka. Jibu letu liwe karatasi.

Basi mwenye dai kama la mama huyu afanye hivi. Kwanza ajue anadai nini. Nishani ya kutumika vitani, kama Nyota ya Burma, ambayo askari aliistahili lakini hakuipata, inaweza kuombwa hata leo na ndugu wa karibu kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Nishani ya ushujaa ni jambo jingine, kwani kwa kanuni Uingereza haizingatii mapendekezo mapya ya ushujaa baada ya miaka 5. Lakini kama ilikwisha kutolewa na haikuandikwa kitabuni, huenda pendekezo lake likapatikana katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, ambako yamewekwa pia madaftari ya kila siku ya vikosi vitani.

Pili, akusanye namba ya askari, cheo, batalioni na tarehe, pamoja na kila namna jina lilivyoandikwa. Tatu, aambatanishe cheti cha kifo na hati ya kuonyesha undugu. Nne, barua iwe fupi: hili ndilo lililoandikwa, hili ndilo lililokosekana, huu ndio ushahidi, tunaomba lisahihishwe. Na apeleke nakala tu. Kitabu chenyewe kisitoke nyumbani.

Mchuma chai hawezi kuyafanya haya peke yake baada ya kutoka shambani jioni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katibu wa tawi ana kalamu, ana mhuri, na amezoea kuandikia wakubwa wasiojibu. Kwa hiyo tunasema hii ni kazi ya chama. Tunayataka matawi yote yawaulize wanachama ni nani ana kitabu cha namna hiyo ndani ya sanduku, kabla mchwa hawajakimaliza.

Na wewe uliye kiwandani leo, tazama daftari lako. Je, tarehe ya kuajiriwa ni ile ya kweli? Je, jina lako kwenye akiba ya uzeeni ni lile lile la kitambulisho chako? Kila mwezi uliokatwa umeandikwa? Uliza sasa, wakati msimamizi anayekujua bado yupo na wenzako wanaweza kushuhudia. Usimwachie mwanao sanduku la bati na maswali.

Barua ya mama yule tumekwisha kuipeleka, na nakala yake imo katika jalada la tawi. Jibu bado. Tutaandika tena.

Umoja ni nguvu!